Bedford MJ au Unimog 404: lori gani la jeshi ulifufue ukiwa Malindi?

Anayetaka kufufua lori la zamani la jeshi ili acheze nalo kwenye mchanga wa Sabaki na makorongo ya Marafa, mwishowe hubaki na mawili mkononi: Bedford ya Waingereza, yaani MK au mdogo wake MJ, na Unimog 404 ya Wajerumani. Mengine yapo na nitayagusa, lakini haya mawili ndiyo yanayobishaniwa vibarazani mpaka chai ikapoa. Msimamo wangu nautoa mapema ili usome ukiujua. Kwa mtu wa Malindi mwenye fundi wa kawaida na mfuko wa kawaida, chukua Bedford. Porini Unimog ni bora zaidi, na kwa hilo sibishani na mtu. Lakini gari la kufufua halichaguliwi kwa uzuri wake likiwa zima. Huchaguliwa kwa namna linavyotengenezeka likiharibika, na lori lenye miaka 45 litaharibika.

Kwanza, lipatikane

Wengi huanza na picha ya lori zuri lililoegeshwa Ujerumani au Uingereza, kisha wakapiga hesabu ya meli mpaka bandari ya Mombasa. Hesabu hiyo hugonga ukuta kwenye kiwango cha KEBS, KS 1515:2000: gari lililopitisha miaka 8 tangu kusajiliwa mara ya kwanza haliingizwi nchini. Juu ya hilo, gari la usukani wa kushoto halisajiliwi isipokuwa la kazi maalumu. Unimog 404 ilitoka kiwandani kati ya 1955 na 1980, na wingi wa zile za jeshi la Ujerumani Magharibi zina usukani wa kushoto. Kwa hiyo tunachochagua hapa ni kile ambacho tayari kiko Kenya, kina namba ya Kenya na kina logibuku.

Kwenye hilo Bedford imetangulia. Imezaliwa na usukani wa kulia. Malori haya, ya jeshi na ya kiraia, ndiyo yaliyofungwa viti na turubai na kampuni za safari za nchi kavu, yakavuka Sahara kutoka London mpaka Nairobi, na baadhi hayakurudi. Dada yake wa kiraia, TK, alibeba simenti, sukari na mbao kwenye barabara zetu miaka mingi. Kebini ya MK na MJ imetokana na ile ya TK, kwa hiyo mlango, bawaba na hata kioo unaweza kuvikuta kwenye mabaki nyuma ya gereji ambayo haijawahi kuona lori la jeshi.

Unimog chache zipo, na ukisikia mahali inapouzwa moja, maswali ya kwanza yawe mawili: usukani uko upande gani, na namba ya chesisi inalingana na logibuku? Kama lori limetoka kwenye mnada wa serikali, dai karatasi za mnada kabla hujatoa hata shilingi ya kuvuta. Bila karatasi hizo NTSA hawana pa kuanzia, na utabaki na chuma kizuri kisichoweza kupita kizuizi cha polisi cha kwanza.

Mawili mengine niyapitie upesi. M35 ya Wamarekani, yenye ekseli tatu zote zinazosukuma, ni lori la kuheshimiwa, lakini usukani wake ni wa kushoto, na kwetu hapo ndipo hadithi inapokatika. Land Rover 101 iliundwa kati ya 1972 na 1978, pungufu ya 2,700 kwa jumla, na injini ya V8 ya petroli ya lita 3.5. Ukibahatika kuikuta, irudishe ilivyokuwa. Usiikate, usiigeuze. Gari adimu namna hiyo lina haki ya kubaki lilivyotoka kiwandani.

Zilivyoumbwa

Unimog haikuzaliwa kambini. Albert Friedrich aliibuni baada ya Vita vya Pili vya Dunia kama mashine ya shamba, na kuanzia 1951 Daimler-Benz wakawa wanaiunda Gaggenau. 404 ndiyo iliyovaa gwanda, na zaidi ya 64,000 ziliundwa. Siri yake iko kwenye magurudumu. Ekseli haipiti katikati ya gurudumu kama ilivyo kwa malori mengine. Inapita juu yake, na ndani ya kila hab, yaani kitovu cha gurudumu, kuna gia ndogo zinazoshusha nguvu mpaka kwenye gurudumu. Kwa sababu hiyo tumbo la difu, lile bakuli la gia katikati ya ekseli, linakaa karibu sentimita 40 kutoka ardhini bila gari kuinuliwa kwa springi wala tairi kubwa mno. Difu ya mbele ina kufuli, ya nyuma ina kufuli: ukiivuta, magurudumu mawili ya ekseli hiyo huzunguka pamoja. Springi ni za koili, hivyo ekseli inajipinda kufuata shimo huku tairi zote nne zikibaki zimeshika chini. Gari lenyewe lina uzito wa tani 3 hivi, gia sita, na injini ya petroli ya silinda sita ya lita 2.2 yenye nguvu za farasi 82.

Bedford MK iliingia jeshini mwanzoni mwa miaka ya 70 kuchukua nafasi ya RL ya miaka ya 50, na MJ ikafuata miaka ya 80 ikiwa na dizeli ya tabo. Umbo lake ni la lori la kawaida lililoongezewa ekseli ya mbele inayosukuma: springi za majani, breki za dramu, gia nne, transfa (sanduku linalogawa nguvu kwa ekseli ya mbele na ya nyuma) ya ngazi mbili, tairi moja moja nyuma badala ya mbili mbili. Difu hazina kufuli. Injini ni ya lita 5.4, nguvu karibu farasi 100, na inakokota tani 5 kabla hujapakia kitu. Haipendi kupita kilomita 80 kwa saa, na ukiilazimisha itakuambia kwa sauti. Juu ya kebini kuna tundu la duara lenye kifuniko, alikosimama askari wa kuangalia. Watoto wakishaligundua tundu hilo, kuwashusha ni kazi.

MK za mwanzo zilikuwa na injini ya kunywa mafuta ya namna nyingi, petroli, dizeli au taa. Isikutie tamaa. Tia dizeli safi na uache hayo kwa waliokuwa vitani.

Mchangani, matopeni na makorongoni

Ukivuka daraja la Sabaki kuelekea Mambrui unaukuta mchanga wenyewe: laini, mwepesi, umeletwa na mto, ukachukuliwa na bahari na kurudishwa na upepo. Hapa cha kwanza kinachohesabika ni uzito juu ya tairi na upepo ndani ya tairi. Kufuli za difu zinakuja baadaye kabisa. Unimog yenye tani 3 inaelea pale ambapo Bedford inazama. Hata hivyo Bedford inavaa tairi za 12.00-20, ndefu na pana, na ukizipunguza upepo mpaka pauni 30, au 25 ukienda pole pole, hulala chini na kushika mchanga vizuri. Sharti ziwe tairi za waya. Zile za zamani za nailoni ni ngumu ubavuni, hata ukizitoa upepo hazilali, zinachimba tu. Tena kwa kuwa ndani kuna tyubu, usizidishe: tairi ikizunguka juu ya rimu hukata valvu, na kubadilisha tairi ya inchi 20 mchangani saa saba ya mchana si jambo la kumtakia mtu. Uzuri ni kwamba breki zake zinasaidiwa na upepo, kwa hiyo kompresa unayo tayari. Mpira mrefu na kichwa cha kupimia, ukirudi lami unajaza mwenyewe.

Mvua za vuli zikinyesha vizuri, njia za ndani kupitia Kakoneni na Lango Baya kuelekea geti la Sala la Tsavo Mashariki hubaki na mikato ya maji iliyokatiza njia kwa upande. Huko Bedford inaonewa. Gurudumu moja la mbele likining'inia, na la nyuma upande wa pili likining'inia vilevile, nguvu zote zinakwenda kwa yale mawili yanayopiga hewa, na lori linasimama linanguruma. Mwenye Unimog anavuta kufuli, anapita, wala hakuinuka kitini. Nimetazama hilo mara nyingi kiasi cha kusema wazi: kama raha yako ni kupanda na kushuka makorongo, kutafuta pembe na mawe, usome uamuzi wangu wa mwanzo kwa tahadhari. Na hapa nasema njia za pembeni ya Marafa. Nyari yenyewe, lile bonde la kuta nyekundu na nyeupe, hushukwa kwa miguu. Kuta zile ni udongo, zinameguka zenyewe na mvua, hazihitaji msaada wa tani tano.

Kwenye udongo mweusi wa upande wa Garsen wakati wa masika hakuna mshindi. Unimog inanasa, Bedford inanasa zaidi, na gari la kuivuta Bedford halijulikani litatoka wapi. Miezi hiyo fanya kazi za gereji.

Jambo moja halina Bedford wala Unimog: ufuo. Kasa wanataga kwenye fukwe za Watamu na za jirani, na mayai yako chini ya mchanga ule ule ulio mzuri kwa tairi. Hifadhi ya bahari ya Malindi ipo tangu 1968 na ni mali yetu kabla ya kuwa ya watalii. Yale majani yanayotambaa juu ya vichuguu vya mchanga nayo ndiyo yanayovishika visihame. Pita penye njia za magari zilizokwisha kupitwa, na Arabuko-Sokoke ingia kwa ruhusa na kwa njia zilizofunguliwa.

Chini ya gari

Hapa ndipo ninapoegemea Bedford kwa moyo wote, na ndipo ningependa ukae zaidi kabla hujalipa.

Fungua Unimog 404. Propela, yaani mihimili inayopeleka nguvu kwenye ekseli, zimefichwa ndani ya mabomba, hazioni tope, jambo zuri sana. Lakini gia, transfa na mabomba hayo ni familia moja iliyoshikana. Kugusa kitu kidogo kunaweza kukulazimisha kuondoa ekseli nzima. Kila hab ina oili yake na sili zake, kwa hiyo ukihesabu hab nne, difu mbili na sanduku la gia, una sehemu saba za kukagua oili baada ya kila maji uliyopita. Sili ikichoka, maji yanaingia na oili inageuka rangi ya chai ya maziwa, na usipoiona mapema beringi na gia za hab zinakwisha. Gia hizo hazipatikani Malindi, hazipatikani Mombasa. Zinaagizwa nje, na bei yake inafuata.

Injini yake ni nzuri, laini, haina makuu. Tatizo ni kinywaji. Petroli lita 20 na zaidi kwa kila kilomita 100 barabarani, na mchangani hesabu hiyo huachwa mbali. Karibureta yake ya Zenith inataka mtu aliyejifunza karibureta, na mafundi hao wanazeeka. Vijana wengi wa gereji zetu wameanzia kwenye injini za kompyuta na dizeli za Kijapani. Wenye 404 duniani kote hutatua hili kwa kuweka dizeli ya Mercedes, OM314 ya silinda nne au OM352 ya silinda sita. Inawezekana, lakini hiyo ya pili ni nzito, springi za mbele zibadilishwe, na mwendo wa gia zilizopangiwa injini ya petroli inayozunguka kasi hauendani na dizeli inayozunguka taratibu. Gari linapata nguvu na linapoteza spidi.

Sasa ingia chini ya Bedford. Sanduku la gia liko peke yake. Transfa iko nyuma yake, imefungwa peke yake kwenye chesisi, na kati yao kuna propela fupi. Kwa mtu anayefufua, mpangilio huo ni neema. Unaweza kutoa injini na gia za Bedford, ukaweka injini ya Isuzu pamoja na gia zake tano au sita, ukachongesha propela fupi ya kuunganisha na transfa, na ekseli zisijue kilichotokea. Isuzu 6BD1 ya lita 5.8 au 6BG1 ya lita 6.5 ni injini zilizobeba malori ya nchi hii kwa miongo. Pistoni, gasketi, pampu ya maji na nozeli zake unazikuta Mombasa asubuhi na jioni umerudi Malindi. Fundi anayeifungua akiwa amefumba macho yupo kila mji wa pwani.

Lakini usikimbilie kubadilisha. Kama injini ya Bedford inawaka, haivuti oili kwenye radieta na mgandamizo wa silinda unalingana, itengeneze. Peleka pampu ya injekta na nozeli kwa mtu mwenye mashine ya kupimia, badilisha mipira yote ya maji, fungua radieta isafishwe au ipewe moyo mpya. Joto la Malindi na kilima cha mchanga kwa gia ya chini ndivyo vinavyoua injini hizi, umri wala mwendo haviziui hivyo. Isuzu ije siku injini ya asili ikikataa kabisa, au sleevu na pistoni zake zikikosekana.

Uzito wa usukani wa Bedford utakushangaza kama umezoea Probox. Nyingi hazina msaada wa oili. Hili ni badiliko ninalolipendekeza kwa kila mtu: kifaa cha usukani wa oili kutoka lori la Isuzu, kikifungwa na fundi anayejua kupanga mikono ya usukani ili gari lisijivute lenyewe springi zikipanda na kushuka. Usimpe kazi hii mtu wa kubahatisha. Mabano ya kukishikia yafungwe kwa bolti ngumu, na kila kiungo kiwe na pini yake.

Na rimu. Malori haya ya inchi 20 mara nyingi yana rimu za vipande, zenye pete ya kufungia. Toa upepo wote, mpaka valvu itolewe kabisa, kabla ya kugusa pete au nati ya kuunganisha vipande. Wakati wa kujaza, tairi iwe ndani ya kizimba cha chuma au angalau imefungwa minyororo, na mtu asisimame mbele yake. Pete ikiruka inaua papo hapo. Mwambie fundi wa pancha hili hata kama ana mvi.

Bodi na chesisi

Mafundi wetu wa kuchomelea ni hodari, na uhodari wao ndio hatari yenyewe. Wakipewa chesisi na vyuma, wanachomelea kila kitu mpaka lori linakuwa jabali. Chesisi ya lori la jeshi haitakiwi kuwa jabali. Imeumbwa ijisokote njia ikiwa mbovu. Ya Unimog inajisokota waziwazi, ukiiegesha gurudumu moja juu ya jiwe utaona kebini na bodi vimeangalia pande mbili. Ukifunga bodi ngumu moja kwa moja juu yake, kimoja kati ya viwili kitapasuka, na mara nyingi ni chesisi, penye pembe ya kulehemu.

Kwa yote mawili, bodi ishikwe kwa pointi tatu au nne zinazocheza: upande mmoja umefungwa imara, mwingine una kiungo cha kuzunguka au springi ngumu chini ya bolti ndefu. Usitoboe wala kulehemu midomo ya juu na ya chini ya chesisi. Ukilazimika kutoboa, toboa ubavuni, katikati. Bedford inasamehe zaidi kwa sababu springi zake za majani zinazuia ekseli isifike mbali, hivyo msokoto ni mdogo. Unimog haisamehi.

Kwenye hili pwani tuna utajiri ambao wa bara hawana. Sakafu na viti vya nyuma viwe vya mbao, na mbao hizo zichongwe na fundi wa majahazi. Mtu aliyezoea kuunga mbao ziendazo baharini anajua kuacha nafasi ya kupumua, kuzama kwa kichwa cha bolti, na mbao ipi haitapinda. Mbambakofi, ile ile ya milango ya Lamu, ni ghali lakini inakaa. Mvinje uachie wa kujengea, jua litaupasua. Turubai nalo lishonwe hapa hapa, liwe la pamba nene badala ya plastiki, chini yake panakalika hata adhuhuri.

Viti vya kuangaliana vya askari vinapendeza machoni. Kwa familia, vigeuze viangalie mbele, kila kimoja na mkanda, na juu yake mabomba ya kukinga gari likipinduka, yaliyofungwa kwenye fremu ya bodi badala ya mbao. Bedford ni ndefu kwenda juu, na kichuguu cha mchanga hupandwa na kushukwa wima, kamwe si kwa ubavu.

Ukiweka winchi, kumbuka Mambrui hakuna mti wa kufungia. Beba nanga ya mchanga au tairi la akiba la kufukia. Kwenye mibuyu ya Magarini tumia mkanda mpana, waya mtupu unaula mti.

Chumvi

Upepo wa kusi unaleta chumvi mpaka ndani ya milango. Ukipita Gongoni na Kurawa penye viwanda vya chumvi, barabara yenyewe ina chumvi. Kebini ya Bedford inaliwa kwanza kwenye vidato, sakafu na pembe za kioo cha mbele. Chuma chake lakini ni bapa, chenye mikunjo ya kawaida, fundi wa bodi anakata bati na kukikunja siku hiyo hiyo. Unimog 404 nyingi zina kebini ya turubai, hivyo kuna bati kidogo la kuoza, na hili naliandika upande wake. Mabomba yake ya propela na vifuniko vya hab havitaki kutu kwenye nyuso za kufungia sili, na hapo ndipo pa kuangalia kwa tochi.

Kutu isifunikwe kwa rangi. Ikwanguliwe mpaka chuma cheupe, ipakwe rangi ya chini yenye zinki siku ile ile, kwa sababu kesho asubuhi unyevu wa bahari umeshaianza tena. Ndani ya chesisi na milango pulizia nta au grisi iliyoyeyushwa. Na ukiosha gari, osha kwa maji ya bomba yanayotoka Baricho. Visima vingi vya karibu na bahari vina maji ya chumvi, na kuoshea gari maji hayo ni kulipaka upya kile ulichotaka kuondoa.

Leseni na rangi

Bedford huiendeshi kwa leseni ya daraja B. Inataka C. Ukibadilisha injini, rangi au umbo la bodi, badiliko liandikishwe na gari likaguliwe, vinginevyo logibuku inasema gari moja na barabarani lipo lingine. Abiria wa kulipa ni habari ya PSV, na hiyo ina masharti yake. Rangi nakushauri isiwe ya kijani cha jeshi wala ya mabaka. Barabara ya kutoka Garsen kwenda Mokowe ina walinzi wenye kazi nzito, na lori linalofanana na la jeshi lakini si lao linawapa wasiwasi usio wa lazima. Bluu ya bahari, nyeupe, au ile rangi ya udongo wa Marafa, zote zinaipendeza Bedford.

Nani achukue Unimog, basi

Kuna watu wawili ningewaambia waache Bedford. Wa kwanza ni mwenye raha ya makorongo na mawe, anayekwenda yeye na mwenzake mmoja, asiyebeba ukoo mzima, na mwenye ndugu au rafiki Ujerumani au Uholanzi anayeweza kutuma sili na beringi kwenye sanduku la nguo. Huyo 404 itampa furaha ambayo Bedford haitaifikia kamwe.

Wa pili ni aliyebahatika kukuta Unimog U1300L yenye usukani wa kulia na karatasi kamili. Hiyo ni ya baadaye, ilianza kuundwa katikati ya miaka ya 70, ina dizeli ya OM352 ya lita 5.7 yenye nguvu za farasi 130, breki za diski, na uzito wa kupakiwa wa tani 7.5. Injini hiyo ni ya familia iliyosukuma malori na mabasi ya Mercedes kote Afrika, kwa hiyo lile tatizo la petroli na karibureta halipo. Hab zake bado ni zile za gia ndani, bado zinataka oili safi na jicho kali. Lakini kati ya malori yote niliyoyataja, hili ndilo lenye vipaji vya Unimog na moyo ambao fundi wetu anaujua. Bei yake huwa inalingana na sifa hizo.

Kwa wengine wote, ukienda kuitazama Bedford, nenda asubuhi kabla injini haijawashwa, uiguse kwa mkono kuhakikisha ni baridi. Kebini haipinduki, injini unaifikia kwa vibao vya pembeni nyuma ya milango, kwa hiyo vifungue vyote viwili, usikubali kuonyeshwa upande mmoja. Iwashe, tazama moshi: mweupe unaoisha injini ikipata moto si neno, wa bluu usioisha ni pete za pistoni. Ingiza ekseli ya mbele kwenye ardhi laini, isikilize ikikata kona. Kisha lala chini na nyundo ndogo, gonga chesisi kuanzia nyuma ya kebini mpaka mwisho, hasa pale springi zinaposhikwa. Chuma kizima kinalia. Penye sauti ya kufa, kwangua rangi mbele ya mwenye gari, na bei mzungumze baada ya hapo.